Maiti Anayejificha Uso: Uchambuzi wa Kisa cha Mwigizaji Aliyekufa Kabla ya Filamu Yake

Bela Lugosi, mwigizaji aliyejulikana zaidi kwa kumwigiza mnyonya damu Dracula, alifariki Los Angeles tarehe 16 Agosti 1956, akiwa na umri wa miaka 73. Novemba ya mwaka huohuo upigaji wa filamu yake ya mwisho ukaanza, na jina lake likawekwa kati ya nyota wake. Mwongozaji Ed Wood alikuwa na dakika chache tu za picha za marehemu, zisizo na sauti, alizokuwa amezipiga kwa ajili ya kazi nyingine ambazo hazikukamilika. Akaona zinatosha.

Filamu hiyo ni Plan 9 from Outer Space. Ilionyeshwa mara ya kwanza Machi 1957 kwa jina jingine, ikasambazwa baadaye, na mwaka 1980 ndugu wawili Wamarekani, Harry na Michael Medved, wakaitangaza kuwa filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Cheo hicho hatukikubali. Filamu mbaya kwelikweli haimaliziki: watu huanza kupiga soga, mwenye kibanda cha video akabadilisha diski. Plan 9 ina dakika 79, na watu wanaicheka dakika zote 79 bila hata mmoja kutoka nje kununua karanga.

Vichekesho vyake ni vingi. Chumba cha rubani wa ndege kina viti, pazia la bafuni na kivuli cha maikrofoni. Mawe ya makaburi yanatikisika mtu akiyagusa. Wageni kutoka anga wameshindwa mipango minane na sasa wanajaribu wa tisa: kufufua wafu wa dunia kwa kurusha umeme kutoka mbali hadi kwenye tezi mbili za ubongo, ili serikali zetu zishtuke na kuwasikiliza. Jeshi walilofufua lina watu watatu. Watatu! Lakini hapa tunachambua jambo moja tu, yaani namna Wood alivyomchezesha mtu aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu ndilo linalowakuta watengenezaji wa filamu wa Uganda kila mwaka.

Hapa kwetu mwigizaji si lazima afe. Filamu inapigwa Jumamosi na Jumapili, watu wanalipwa nauli na chakula, na mwezi wa pili mhusika mkuu anapata viza ya kwenda kufanya kazi Uarabuni. Au anahamia kwao Koboko. Au ananyoa nywele zote kwa ajili ya harusi ya dada yake. Nusu ya filamu iko kwenye kadi ya kumbukumbu, nusu haipo, na fedha za kuanza upya hakuna.

Alichokuwa nacho mkononi

Kazi ya kwanza ya mtu aliyepoteza mwigizaji ni kuhesabu picha zilizopo kabla hajamtafuta mbadala. Tumhesabie Wood. Ana Lugosi amesimama kaburini akilia, na watu wengine wachache. Ana Lugosi akitoka kwenye nyumba mchana, akisimama kulinusa ua, halafu akitoka nje ya fremu. Ana Lugosi amevaa joho jeusi la Dracula, akitembea porini mchana na kulikunjua kama mabawa. Zaidi ya hapo ni vipande vidogo. Hakuna neno hata moja alilolisema.

Kwa hesabu hiyo Wood alianza vizuri, na sifa hii hapewi mara nyingi. Aliandika hadithi inayotokana na picha. Mzee analia kaburini: basi amefiwa na mkewe. Mzee ananusa ua: ni huzuni ya mjane wa kiume asiye na la kufanya. Mzee anatoka kwenye fremu: picha inagandishwa, kivuli chake bado kiko chini, inasikika breki ya gari, unasikika ukelele. Amegongwa. Hakuna gari lililokodiwa, hakuna mtu aliyejirusha barabarani. Sauti mbili tu. Kasoro ni kwamba kivuli kinabaki kimesimama wima, kimetulia, wakati mwenye kivuli anapiga ukelele wa kufa. Kukata picha nusu sekunde mapema, kabla ya kugandisha, kungeiondoa.

Juu ya picha hizo bubu Wood aliweka msimulizi, Criswell, mtabiri maarufu wa televisheni ya Los Angeles wakati huo. Mtu wa Kampala analielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa Hollywood. VJ wetu wa kibandani, yule anayeisimulia filamu kwa sauti wakati inaonyeshwa, anafanya kazi hiyohiyo: anachukua picha ya mtu asiyesikika, anampa jina, anampa ukoo, anamtajia deni analodaiwa, na watazamaji wanamwamini. Filamu za Wakaliwood, studio ya pale Wakaliga, Kampala, zimekwenda mbali zaidi. Katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Wood alishika wazo hilo miaka zaidi ya 50 kabla. Tutaona jinsi alivyoliacha mahali pale alipolihitaji zaidi.

Mke wa mzee ni Vampira, yaani Maila Nurmi, aliyezaliwa 1922. Lugosi alizaliwa 1882. Katika filamu hawakutani ndani ya fremu moja hata sekunde moja, na sababu tunaijua. Watazamaji hili hawalioni, kwa kuwa mume na mke walipangwa kufa kwa zamu. Hapo Wood alipanga vema.

Mtaalamu wa mgongo anaingia

Baada ya kugongwa na gari, Mzee (ndivyo mhusika wa Lugosi anavyoitwa) anafufuliwa na kuzurura usiku. Picha za kuzurura hazipo za kutosha. Wood akamwita Tom Mason, aliyekuwa mtaalamu wa kunyoosha mifupa ya mgongo na ndiye aliyekuwa akimtibu mke wa Wood. Mason hakuwa mwigizaji, na usoni hakufanana na Lugosi. Akavalishwa joho, akaambiwa ainue mkono na kujifunika kuanzia pua kwenda chini. Hivyo ndivyo anavyotembea filamu nzima.

Kibandani, sauti ya kwanza itatoka nyuma: "Huyu mzee anadaiwa na nani?" Na swali hilo ndilo kiini cha kisa chote. Maiti anayetisha watu hana sababu ya kuficha uso. Uso ndio silaha yake. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu kifo cha Lugosi anaona tu mtu mwenye haya. Mtazamaji anayejua anaona mtu mwingine. Hakuna anayeona mzimu.

Watu wengi husema kosa ni kumtumia mtu asiyefanana. Sivyo. Mbadala asiyefanana ni jambo la kawaida katika kazi hii, na hufanikiwa kila siku. Makosa ya Wood yako mahali pengine, na yanaweza kuoneshwa moja baada ya jingine.

Alimpa mbadala muda mrefu mno. Mason anaonekana muda mwingi kuliko Lugosi mwenyewe, kwa hiyo jicho linamzoea Mason na kumwona Lugosi kuwa ndiye mgeni. Shoti ya mbadala inayotambulika vizuri isizidi sekunde 2. Uganda tunapiga fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kwa hiyo ni fremu 50. Hiyo inatosha kuona joho, mwendo na mwelekeo, na haitoshi kuanza kulinganisha. (Simu nyingi huja zimepangwa fremu 30. Badilisha iwe 25, na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Usipofanya hivyo taa za ndani zitapepesa na shoti za simu hazitaungana na za kamera.)

Alimpitisha mbadala karibu na vitu vyenye kipimo. Mason anaingia chumbani kwa mke wa rubani, ambako kuna kitanda na kuna mwanamke. Vitu hivyo humwambia mtazamaji kimo cha mtu bila yeye kujua kwamba anapima. Tuseme mwigizaji wako aliyesafiri ana sentimita 170, mbadala ana 182, na mlango una mita 2. Wa kwanza aliacha nafasi ya sentimita 30 juu ya kichwa. Wa pili ataacha 18. Hakuna atakayesema namba hizo, lakini kila mtu atasema "amerefuka". Mahali pa wazi, makaburini au shambani, tofauti hiyo inafutika: mrudishe mbadala nyuma. Kama mwenzake alisimama mita 4 kutoka kwa kamera, yeye asimame mita 4 na sentimita 28, nao watalingana kwenye fremu. Miguu isionekane, na kusiwe na ukuta nyuma yake.

Alichanganya mchana na usiku. Lugosi wa joho anatembea kwenye jua. Mason anatembea kwenye giza la studio. Picha zikiunganishwa, Mzee anatoka mchana, anaingia usiku, anarudi mchana, na yote ni matembezi ya hatua kumi. Halafu kipande kile kile cha Lugosi kinarudi tena, na tena. Mara ya pili watu wanagutuka, mara ya tatu wanaanza kukihesabu kwa sauti. Maabara za miaka ile zingeweza kuchapa nakala nyeusi zaidi ili mchana ufanane na usiku; ilikuwa njia ya kawaida sana katika filamu za wakati ule.

Kosa kubwa kuliko yote ni kwamba msimulizi hakusema lolote kuhusu mkono ule. Criswell anazungumza mno mahali pasipohitaji maneno. Sentensi mbili zingetosha. Kwa mfano: "Macho ya aliyefufuliwa hayavumilii mwanga wa dunia yetu. Hujifunika hata gizani, kwa kuwa gizani pia kuna mwezi." Baada ya hapo kila mara Mason anapoinua mkono, mkono huo unatisha, na siku utakaposhuka ndipo watu watakaposhika viti. Ubaya wa bajeti ungegeuka kanuni ya mzimu.

Kuipiga upya hapa kwetu

Tuchukue hali ileile: mzee wa filamu yako ameondoka, una dakika mbili za picha zake bila sauti, na hadithi inamtaka azurure makaburini usiku.

Joho kwanza, kwa kuwa vazi ndilo linalowaunganisha watu wawili kuwa mmoja. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinatoa nusu duara yenye urefu wa sentimita 140 kutoka shingoni, inayofika karibu na vifundo vya miguu kwa mtu wa kawaida. Pale Kiyembe, Kampala, uchague pamba nyeusi isiyong'aa. Satini inapendeza mkononi, lakini chini ya taa za LED kila mkunjo unatoa mstari mweupe na joho linageuka la kwaya. Kata mbili kutoka jora moja. Nyeusi za jora mbili hazifanani kamwe. Moja huwa na ubluu, nyingine ukahawia, na kamera hulionesha hilo hata pale jicho lisipoliona. Sababu ya kukata mbili ni kwamba moja huondoka na mwenyewe. Lugosi mwenyewe alizikwa amevaa joho la Dracula.

Kuhusu usiku, kuna njia mbili. Ya kwanza ni machweo. Tuko kwenye ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu moja kwa moja chini na mwanga wa buluu unadumu kama dakika 20 tu. Ndani ya muda huo utapata shoti tatu au nne ikiwa kila kitu kimepangwa saa kumi na moja jioni: mbadala amevaa, kamera iko kwenye stendi, njia ya kutembea imechorwa chini kwa chaki au majivu. Ukianza kubishana kuhusu pembe ya kamera saa kumi na mbili na nusu, umeipoteza siku.

Njia ya pili ni kupiga mchana na kuufanya usiku. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, ili kingo za mabega zing'ae na mbele kubaki na giza. Hilo ndilo linalofanana na mwezi. Mbingu isiingie kwenye fremu kabisa. Punguza mwanga wa kamera stopu mbili (yaani ibaki robo yake), na mizani ya rangi nyeupe uiweke kelvini 3,200 ili kila kitu kiwe na ubluu. Usipige saa sita mchana: jua la Uganda wakati huo liko utosini, vivuli viko chini ya nyayo, na mtazamaji hataamini kuwa ni mwezi. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake. Halafu kwenye kuhariri weka sauti ya nyenje. Macho yakisita kuamini, masikio huyavuta.

Tahadhari ya makaburi: usitumie makaburi halisi. Wenye marehemu wao wana haki ya kukasirika, na mtu aliyevaa joho jeusi jioni, anayetembea taratibu kati ya makaburi huku ameficha uso, atakutana na wanakijiji kabla hajakutana na kamera. Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mapema hata kama unapiga kwenye shamba la jirani, na umweleze yule mwenye joho ni nani. Mawe ya makaburi ya kuigiza yatengenezwe kwa mbao nyembamba, kila moja likiwa na mti wa kujengea uliogongomelewa nyuma na kuzamishwa ardhini sentimita 30. Mawe ya Wood yalicheza kwa sababu hakuna kilichoyashika. Juu ya mbao paka gundi ya mbao, nyunyiza mchanga mkavu, subiri likauke usiku mzima, kisha rangi ya kijivu. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huivua gundi hiyo ikiwa haikupata siku kamili ya jua.

Sasa mpangilio wa shoti. Tunapendekeza sita, na mbadala aonekane katika nne. Mkono wenye joho unashika ukingo wa kaburi, karibu sana, sekunde moja na nusu. Picha ya zamani ya mzee halisi, ikiwa imetiwa giza, sekunde tatu. Hii ndiyo inayomwambia mtazamaji ni nani. Mgongo wa mbadala unaondoka kwenye njia, kamera iko chini kwenye usawa wa magoti. Uso wa msichana anayemwona. Muda mrefu, sekunde nne au tano, kwa kuwa huyu yupo na anaweza kuigiza. Kivuli cha joho kinapita ukutani. Miguu inasimama. Hakuna mahali hapo ambapo mtu atahitaji kujifunika, na msichana amebeba woga wote.

Lililomponza Wood, kwa maoni yetu, ni mapenzi. Alimpenda Lugosi, alimpa kazi katika miaka ambayo studio kubwa hazikumtaka tena, na alitaka awepo kwenye kila pembe ya filamu hii. Kwa hiyo alimtafutia mwili mwingine wa kumbeba, shoti baada ya shoti, badala ya kumtumia yule aliyekuwa naye kwa dakika zile chache na kuwaachia wengine wamzungumzie. Heshima hiyo inaonekana, na ndiyo maana kicheko cha filamu hii hakina ukali ndani yake.

Mifupa

Kuna shoti moja ambayo Wood aliichagua vizuri. Karibu na mwisho, Mzee anawajia watu waliokaa barazani nyumbani kwa rubani, na wageni wa anga wanaamua kumtoa mhanga: mwale unampiga, nyama inatoweka, unabaki mfupa ndani ya joho. Mifupa haihitaji kufanana na mtu yeyote. Tatizo la kimo, la nywele na la uso linakwisha kwa mkato mmoja.

Kuifanya ni rahisi na hukosewa mara kwa mara. Kamera kwenye stendi, isiguswe tena hadi mwisho. Funga mwanga na fokasi kwa mkono, kwa sababu simu ikiachwa ijiamulie yenyewe itabadilisha mwanga mara mtu anapotoka, na mkato utaonekana. Mbadala anaanguka, anatulia sekunde tano. Chora ukingo wa joho kwa chaki. Mtoe, panga mifupa, rudisha joho ndani ya alama, piga sekunde kumi. Fanya usiku kwa taa moja iliyofungwa; mchana wingu litapita katikati na baraza litabadilika rangi.

Mifupa yenyewe iwe ya plastiki, ile ya masomo ya bayolojia. Baadhi ya shule za sekondari huwa nayo na huweza kuiazima kwa barua. Isipopatikana, chonga fuvu na mbavu kwa sponji ngumu ya godoro, upake gundi na rangi ya maziwa. Usinunue mbavu za mbuzi. Nzi watafika kabla ya shoti ya pili, mbwa kabla ya ya tatu, na kibandani kuna mchinjaji atakayehesabu: binadamu ana jozi 12 za mbavu, mbuzi ana 13.